Sayyidna Umar na Haki ya Mhitaji

Akitajwa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), wengi wetu hukumbuka ukali wake, na nchi zilizofunguliwa katika miaka kumi ya ukhalifa wake, tangu mwaka 13 Hijriya (634) mpaka 23 (644). Hayo ni kweli. Lakini sisi twataka kulieleza jambo ambalo mawaidha yetu hulipita mbio, nalo ni namna alivyoitazama haki ya mhitaji, awe Mwislamu au asiwe.

Alizaliwa Makka katika ukoo wa Bani Adiy, miongoni mwa Makureshi. Baada ya kuhamia Madina alipata shamba huko Khaibar, wala hakuwa na mali aliyoithamini kuliko hiyo. Alikwenda kumtaka shauri Mtume (S.A.W.), naye akamwelekeza aizuie asili yake na mazao yake ayatoe sadaka. Basi shamba lile likawa haliuzwi, halipeanwi wala halirithiwi. Mavuno yakaenda kwa mafakiri, jamaa, watumwa wa kukombolewa, wasafiri na wageni. Msimamizi aliruhusiwa kula kwa wema, bila ya kujilimbikizia. Twawaomba wasimamizi wa wakfu katika miji yetu waisome tena sharti hiyo ya mwisho.

Alipokuwa Khalifa aliwakadiria watoto wa Waislamu posho, lakini baada ya kuachishwa ziwa. Usiku mmoja akasikia mtoto akilia hanyamazi, akajua kuwa mamake amwachisha kabla ya wakati ili aipate posho. Akajilaumu sana, na kulipokucha akaamrisha kila mtoto apewe tangu kuzaliwa.

Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, katika kitabu cha kodi alichomwandikia Khalifa Harun Rashid, amepokea khabari ya mzee kipofu aliyekuwa akiomba mlangoni mwa watu. Sayyidna Umar alimwuliza ni wa dini gani, akajibu kuwa ni Yahudi. Akamwuliza lililomfikisha kuomba, akataja jizya, haja na uzee. Akamshika mkono mpaka nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho. Kisha akampeleka kwa mwenye kutunza Beti-lmali, akaamrisha yeye na walio kama yeye waangaliwe na waondolewe jizya. Aliona si insafu kuila nguvu ya mtu katika ujana wake, kisha kumtupa akizeeka.

Sisi siku ya Ijumaa humtilia masikini sarafu mkononi naye yuko katika safu ya wenziwe, tukaona tumekwisha. Ni nani kati yetu amwulizaye lililomtoa nyumbani?

Na Yahudi yule alitoka katika watu ambao Taurati yawaamrisha waache pembe za makonde yao bila ya kuvuna, ili masikini na mgeni wapate. Nasara nao, karne mbili na zaidi kabla ya hapo, Askofu wao Basil alikuwa amewajengea wagonjwa na wageni makao karibu na mji wa Kaisaria, Asia Ndogo. Sayyidna Umar mwenyewe, alipokuwa njiani kwenda Jabiya katika nchi ya Sham, alipita kwa Nasara wenye ukoma, akaamrisha wapewe katika sadaka na wapangiwe chakula chao. Maimamu wengi hawajuzishi kumpa zaka ya faradhi asiyekuwa Mwislamu, nasi hatukusudii kuifungua khitilafu hiyo hapa. Lakini sadaka ya sunna ina mlango mpana, na jirani mwenye njaa haulizwi kwanza swala yake.

Mwishoni mwa mwaka 23, hali akiswalisha Alfajiri, alichomwa kisu na Abu Luluah, mtumwa asiyekuwa Mwislamu. Alipojua kuwa hatapona alimtaka mwanawe Abdullah amhisabie deni lake, likawa kama 86,000, akaamrisha lilipwe katika mali ya jamaa zake, na isipotosha waombwe Bani Adiy, kisha Makureshi. Tena akamwusia Khalifa atakayemfuata juu ya Muhajirina, Ansari na watu wa mashambani. Wala hakuwasahau wasiokuwa Waislamu walio katika dhimma: watimiziwe ahadi yao, wapiganiwe na adui zao, wala wasitwikwe wasiloliweza.