Muindi Mbingu na Udongo wa Ukambani

Utangulizi

Msafiri aendaye Muthetheni, katika eneo la Mwala, Kaunti ya Machakos, hukutana na mashamba yaliyokatwa mithili ya ngazi. Kila ngazi imezuiwa kwa tuta, na chini ya tuta kuna mtaro wa kunasa maji ya mvua. Karibu na nyumba ndimo mlimo mboga za jikoni, mipapai na miembe. Mbali kidogo ni mahindi, kunde, mbaazi na ndengu. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, ile ya Oktoba hadi Desemba na ile ya Machi hadi Mei, na mara nyingi huja kwa uchache au kwa kuchelewa. Katika nchi ya namna hii udongo ni mali, na tone la maji ni akiba.

Mgeni aonaye mashamba hayo anaweza kudhani kuwa hali imekuwa hivyo tangu jadi. Sivyo. Katika miaka ya 1930 Machakos ilitajwa na maafisa wa serikali ya kikoloni kama mfano wa nchi inayokufa. Vilima vilikuwa vimebaki vitupu, makorongo yalipasua malisho, na maji ya mvua yalibeba udongo hadi mitoni. Mzozo ulioibuka kuhusu udongo huo ndio uliomtoa Samuel Muindi Mbingu kijijini Ngelani na kumfanya jina linalokumbukwa hata leo. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kuyatazama kutoka shambani, kwani ni shambani mgogoro wake ulikoanzia, na ni shambani ulikopata jibu lake baada ya yeye kufariki.

Ngelani na nchi iliyobanwa

Ngelani iko milimani, karibu na mji wa Machakos. Ni nchi ya juu, yenye mvua nzuri kuliko nyanda za chini kama Muthetheni. Wakulima wa milima hiyo walikuwa miongoni mwa Wakamba wa mwanzo kutumia plau inayovutwa na maksai. Kwa hiyo ng'ombe hakuwa tu mnyama wa kukamuliwa au wa kutolewa mahari. Alikuwa mguu wa plau, chanzo cha samadi ya bustani na akiba ya mwaka wa njaa. Mvua ilipokosekana na ghala likabaki tupu, ng'ombe mmoja aliuzwa ili familia inunue nafaka. Kumwondoa ng'ombe katika uchumi huo kulikuwa sawa na kung'oa nguzo ya kati ya nyumba.

Hata hivyo, nchi ilikuwa imebanwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliweka mipaka ya rizavu ya Wakamba, na ardhi iliyokuwa nje ya mipaka hiyo ikagawiwa walowezi au ikatangazwa kuwa mali ya serikali. Sehemu za vilima vya Mua zilichukuliwa. Uwanda wa Yatta, ambao wafugaji walizoea kuukimbilia wakati wa kiangazi, ukawa mahali pa kuombewa ruhusa. Zamani mfugaji alihama na kuiacha nchi ipumzike. Sasa alilazimika kubaki mahali pamoja, mwaka baada ya mwaka. Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Jaji Morris Carter, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 1934, haikurudisha sehemu kubwa ya ardhi ambayo Wakamba waliidai.

Juu ya hayo kulikuja nzige na ukame. Idadi ya watu katika wilaya ya Machakos ilikuwa imefikia takriban 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930. Nyasi zilipokwisha, udongo ulibaki uchi. Mvua kubwa ilipofika, ukachukuliwa. Yafaa kukiri kwamba mmomonyoko haukuwa uzushi wa wakoloni. Mkulima wa Ngelani aliuona kwa macho yake kila asubuhi baada ya mvua. Tofauti ilikuwa katika maelezo ya chanzo. Serikali ilisema mifugo ni mingi mno. Wakulima walisema ardhi ni ndogo mno.

Amri ya kupunguza mifugo

Katika hali hiyo serikali iliamua kupunguza mifugo kwa lazima. Kila eneo lilikadiriwa idadi ya ng'ombe ambayo ardhi yake ingeweza kuwalisha. Wale walioruhusiwa kubaki walipigwa chapa, na waliozidi walitakiwa kuuzwa. Wakati huohuo kampuni ya Liebig ilikuwa ikianzisha kiwanda cha nyama huko Athi River, mpakani mwa nchi ya Wakamba, na kiwanda hicho kilihitaji ng'ombe wengi kwa bei ya chini. Mwaka 1938 ng'ombe walianza kukamatwa na kupigwa mnada.

Wakulima hawakuhitaji msomi wa kuwaunganishia mambo hayo mawili. Waliona ng'ombe wao wakitolewa kwa jina la kuhifadhi udongo, kisha wakinunuliwa kwa bei ya kutupa. Waliona pia mashamba makubwa ya walowezi ng'ambo ya mpaka, ambako malisho yalikuwa mengi na watu wachache. Hata nia njema, kama ilikuwapo, isingeweza kuaminika katika mazingira hayo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na walioitunga amri hiyo hawakuwa wakilala katika kitanda cha mkulima wa Machakos.

Hapo ndipo Chama cha Wanachama wa Ukambani kilipoanzishwa, na Muindi Mbingu akawa sauti yake kuu, pamoja na viongozi wenzake kama vile Isaac Mwalonzi na Elijah Kavula. Chama hicho kilishirikiana na Chama cha Kati cha Wakikuyu, na kilipata msaada wa Isher Dass, mjumbe wa Kihindi katika Baraza la Kutunga Sheria. Hivyo, kilio kilichoanzia zizini kikafika katika siasa za nchi nzima.

Safari ya Nairobi

Mwezi wa Julai 1938, Muindi Mbingu na wenzake waliongoza msafara wa wanaume, wanawake na watoto kutoka Machakos hadi Nairobi. Kwa makadirio ya chini walikuwa zaidi ya watu 1,500. Hawakwenda kupigana. Walikwenda kumwona Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, ili wamweleze ana kwa ana kwamba ng'ombe wao warudishwe na amri iondolewe. Gavana alipokataa kuwapokea mjini, waliketi. Walipiga kambi Nairobi kwa wiki kadhaa, wakila walichobeba na walichosaidiwa, nao wakakataa kurudi makwao.

Utulivu wao uliisumbua serikali kuliko ambavyo vurugu zingefanya. Wakamba walikuwa wengi katika jeshi la King's African Rifles na katika polisi, na wakubwa walihofia kwamba malalamiko ya mzee kijijini yangemfikia mwanawe kambini. Katika miaka ile, huku vita vikinukia Ulaya, hofu hiyo haikuwa ndogo. Hatimaye Gavana alikubali kwenda Machakos kufanya baraza, nao waandamanaji wakarudi nyumbani.

Baraza lilifanyika mwezi wa Agosti, lakini halikumaliza ugomvi. Serikali iliona kwamba haiwezi kurudi nyuma huku Muindi akiwa huru. Kabla ya mwaka kwisha, alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Hata hivyo, kufikia mwisho wa mwaka huohuo, upunguzaji wa mifugo kwa lazima ulikuwa umeachwa. Kiongozi alipoteza uhuru wake, ilhali lile alilolipigania lilikuwa limepatikana.

Uhamishoni na mwisho wake

Ni vigumu kuwaza adhabu iliyo kinyume zaidi na maisha ya mkulima wa milimani kuliko kisiwa cha Lamu. Mtu aliyelelewa katika mashamba ya mteremko, mahindi na mazizi, alijikuta kati ya bahari, minazi na vichochoro vya mji wa kale wa Waswahili. Serikali ilichagua mahali hapo kwa umbali wake. Mwaka 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, chama chake kilipigwa marufuku pamoja na Chama cha Kati cha Wakikuyu na chama cha Wataita cha Taita Hills, na viongozi wao kadhaa wakatiwa kizuizini.

Muindi Mbingu aliachiliwa baada ya vita kumalizika na akarejea nyumbani. Alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1950, muongo mmoja hivi kabla ya Kenya kupata uhuru mwaka 1963. Hakuiona serikali ya Waafrika, wala hakuona mtaa wa katikati ya Nairobi, jiji lilelile alikokataliwa kumwona Gavana, ukipewa jina lake.

Udongo baada ya Muindi

Wanahistoria wengi huishia hapo, kwa kuwa wanaandika juu ya siasa. Lakini swali lililozusha siasa hiyo lilibaki bila jibu. Je, udongo wa Machakos ungeokolewa vipi?

Baada ya mwaka 1945 serikali ilirudi na fedha nyingi zaidi na kazi za lazima za kuchimba makinga maji. Kazi ya kushurutishwa ilizaa matuta yaliyofanywa shingo upande, nayo hayakudumu. Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1950, pale vikundi vya mwethya, yaani desturi ya Wakamba ya majirani kusaidiana kazi, vilipotumiwa na watu kuruhusiwa kujichagulia viongozi wa kazi. Katika kipindi hicho pia Wakamba waliruhusiwa kulima kahawa, na kahawa haistawi kwenye mteremko usio na matuta. Mkulima akapata sababu yake mwenyewe ya kushika jembe. Baada ya uhuru kazi hiyo ilizorota kwa muda, kwa vile watu waliihusisha na ukoloni, kisha ikafufuka kwa nguvu kubwa kuliko awali, safari hii bila askari wala faini. Katika miaka ya 1960 kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, kilitoa mbegu ya mahindi yanayokomaa upesi, ambayo iliwafaa hasa wakulima wa nyanda kavu.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao juu ya wilaya hiyo kwa kipindi cha miaka 60 hivi. Waligundua kwamba idadi ya watu ilikuwa imeongezeka kutoka takriban 240,000 hadi karibu milioni 1.4, lakini mmomonyoko ulikuwa umepungua, miti imeongezeka, na thamani ya mazao kwa kila mtu imepanda. Wataalamu wengine wameonya kwamba neema hiyo haikumfikia kila mtu kwa kiasi sawa, na onyo hilo ni la haki: mwenye mshahara wa mjini aliweza kuajiri vibarua wa kuchimba matuta, jirani yake asiye na kitu hakuweza. Pamoja na hayo, nchi iliyosemwa kuwa inakufa haikufa.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili liko jambo moja la kuzingatia. Tuta lililoenea sana Machakos, ambalo mchimbaji hurusha udongo upande wa juu wa mtaro ili mteremko ujitengeneze ngazi polepole, linaitwa fanya juu. Lile ambalo udongo hurushwa chini huitwa fanya chini. Maneno hayo ya Kiswahili yameingia katika vitabu vya sayansi ya udongo duniani bila kutafsiriwa. Ni amri za kazi zilizotoka kinywani mwa wachimbaji zikawa istilahi.

Hitimisho

Muindi Mbingu hakuwa mtaalamu wa udongo. Vuguvugu lake linakumbukwa kwa kile lililokikataa zaidi kuliko mpango liliouleta, na anayemsifu hana budi kulisema hilo. Makorongo ya Ngelani hayakufukiwa na msafara wa Nairobi. Lakini msafara huo ulithibitisha jambo ambalo wataalamu wa wakati ule hawakuliona, kwamba udongo hauwezi kuhifadhiwa dhidi ya mtu anayeukalia. Serikali ilipomtendea mkulima kama adui wa shamba lake, ilipata upinzani na matuta mabovu. Mkulima alipokuwa na hakika ya ardhi, soko la mazao na uhuru wa kuamua, aliyachimba mwenyewe.

Leo mabadiliko ya tabianchi yameleta tena ukame, na pamoja nao mipango mipya inayobuniwa mbali na mashamba. Maisha ya Muindi Mbingu yanafaa kusomwa kabla ya mipango hiyo kutiwa sahihi. Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo walivyonena wahenga. Na watu wale wa Machakos walitembea kwa miguu hadi Nairobi ili wawepo. Ngazi za udongo zinazoonekana Muthetheni na vilima vya jirani zilichimbwa na wajukuu wao, kila moja kwa jembe la mwenye shamba.