Dkt. Williamson wa Mwadui na funzo kwa wenye migodi kwao

Mgodi wa Base Titanium ulipofunga uchimbaji kule Kwale Desemba 2024, wengi wetu hapa Pwani tuliuliza: mgodi ukiondoka, mwenyeji anabaki na nini? Swali hili si letu peke yetu. Wasukuma wa Shinyanga, nchini Tanzania, wamelijua tangu enzi za John Thoburn Williamson.

Williamson alizaliwa mwaka 1907 huko Quebec, Kanada. Aliingia Chuo Kikuu cha McGill akitaka kuwa wakili, lakini akavutiwa na elimu ya miamba, na mwaka 1933 akahitimu shahada ya udaktari. Ndiyo maana watu walimwita Daktari ingawa hakuwa tabibu.

Kazi ya madini ilimleta Afrika, kwanza katika nchi inayoitwa Zambia leo, kisha Tanganyika, kwenye mgodi wa almasi wa Mabuki, kusini mwa Mwanza. Mgodi huo haukuwa na faida kubwa. Williamson aliamini kwamba chanzo kikubwa cha almasi hizo kilikuwa mahali pengine, akaanza kukitafuta mwenyewe. Aliugua malaria na kuishiwa fedha. Aliyemwokoa ni wakili wa Mwanza mwenye asili ya Kihindi, I. C. Chopra, aliyempa fedha akapata hisa.

Machi 1940 bahati ilifika. Huko Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga, ilipatikana almasi iliyoongoza hadi kwenye mwamba wenyewe. Eneo lake ni hekta 146, miongoni mwa makubwa kabisa duniani ya aina hiyo. Mwaka 1947 mgodi ulitoa jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5, ambalo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Lilipokatwa likawa la karati 23.6, na baadaye likawekwa katikati ya pambo la kifuani.

Hakuoa, wala hakupenda makuu ya mjini. Alivutana na kampuni ya De Beers, iliyotawala biashara ya almasi duniani, kuhusu bei na kiasi cha kuuza. Pale Mwadui alijenga mji kamili: nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, umeme na uwanja wa ndege. Kijana wa Shinyanga aliyepata kazi humo alipata mshahara, matibabu na ufundi. Lakini mji ule ulikuwa ndani ya uzio. Aliye nje aliendelea na jembe na ng'ombe wake, huku almasi zikisafirishwa kutoka ardhi ya babu zake.

Januari 1958 saratani ya koo ilimwua, akiwa na umri wa miaka 50. Mwaka huohuo ndugu zake waliuza mgodi kwa De Beers na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Tangu hapo wenye mgodi wamebadilika, lakini jina Williamson limebaki. Mwaka 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na hisa nyingi wakati huo, ilikubali kulipa takriban pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya wanakijiji waliosema walidhulumiwa na walinzi. Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi lilipasuka na kufunika mashamba ya majirani.

Williamson hakuwa mtu mbaya. Alijenga kuliko wengi wa zama zake. Ila alichojenga kilikuwa hisani yake, na hisani hufa na mwenyewe.

Kenya ina Sheria ya Madini ya 2016, inayogawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo la mgodi. Hiyo 10 ni haki, haiombwi kwa mtu. Hata hivyo, wananchi wa Kwale wamelalamika kwa miaka kwamba imechelewa kuwafikia. Ndugu zetu wa Meru na Embu, ambako mchanga huchotwa Mbeere lori baada ya lori, watazame Mwadui na Kwale. Mgawo wa kijiji ufuatiliwe wakati mashine zingali zinanguruma, kwani shimo likishabaki tupu hakuna wa kumdai.