Sidi Mubarak Bombay: aliyekuwa mtumwa, akafika Uvira kutafuta njia ya maji ya Tanganika

Mwaka wa 2024, maji ya ziwa Tanganika yalipoingia katika nyumba za watu mjini Uvira na kufunika sehemu ya bandari ya Kalundu, wakaaji walikuwa na maulizo mawili: maji haya yote yanatoka wapi, na kwa nini hayaondoki? Maulizo hayo si mapya. Zaidi ya miaka 160 iliyopita, ndiyo yaliyomleta Uvira Sidi Mubarak Bombay, mmoja wa viongozi wa misafara wanaojulikana zaidi katika historia ya Afrika ya Mashariki.

Bombay alizaliwa karibu mwaka wa 1820 katika kabila la Wayao, upande wa mpaka wa leo kati ya Tanzania na Msumbiji. Alipokuwa mtoto, wafanya biashara ya watumwa walimkamata, wakamuuza Kilwa, na baadaye akavushwa bahari hadi India. Alitumika huko miaka mingi. Bwana wake alipokufa, aliachwa huru, akarudi Zanzibar na kuwa askari wa Sultani. Jina la mji wa India alibaki nalo hadi kufa.

Mwaka wa 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walimwajiri. Speke hakujua Kiswahili, lakini yeye na Bombay waliweza kusemezana kwa Kihindi. Kwa hiyo Bombay alikuwa mdomo na sikio la safari ile.

Mwezi wa nne 1858 walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji, mvua ikiwapiga njiani. Walitaka kuona mto Ruzizi, kwa sababu Mwarabu mmoja alikuwa amewafahamisha kwamba mto huo unatoka ziwani kuelekea kaskazini. Wazungu wakawa na tumaini kwamba huo ndio mwanzo wa Nili. Lakini watoto wa chifu wa Uvira waliwaambia wazi kwamba Ruzizi inaingia ziwani. Bombay naye akakiri kwamba maneno ya Mwarabu yule yalikuwa yamesikiwa vibaya. Wapiga makasia walikataa kuendelea hadi mdomo wa mto kwa kuogopa vita, na safari ikarudi Ujiji.

Miaka 13 ikapita. Mwaka wa 1871 Bombay aliongoza askari wa Henry Stanley hadi Ujiji, ambako walimkuta David Livingstone. Mwezi huohuo wa 11, Stanley na Livingstone walipanda mtumbwi hadi kaskazini, wakauona mto kwa macho yao: unaingia. Watu wa Uvira walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo.

Basi, maji yanatokea wapi? Mwaka wa 1873 Bombay alipewa kuongoza askari katika msafara wa Verney Lovett Cameron. Mwezi wa tano 1874, Cameron alifika kwenye mto Lukuga, karibu na Kalemie ya leo. Mdomo wake ulikuwa umezibwa na majani na matope. Ziwa likaendelea kupanda miaka kadhaa, hadi mwisho wa miaka ya 1870 maji yakavunja kizuizi hicho na kukimbilia Lualaba. Baada ya hapo ziwa lilishuka karibu meta 10 katika muda usiofika miaka 20.

Bombay aliendelea na Cameron hadi Benguela, pwani ya Atlantiki, mwaka wa 1875. Alikuwa amevuka Afrika kutoka bahari moja hadi nyingine. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa medali ya fedha na pensheni. Alifariki mwaka wa 1885.

Safari zile zimetuachia somo ambalo Uvira inalihitaji leo. Sehemu kubwa ya maji ya Tanganika huondoka kwa kugeuka mvuke. Mto unaoyatoa ni mmoja tu, Lukuga, zaidi ya kilometa 250 kusini mwa Uvira. Mvua ikizidi, au Lukuga ikiziba, ziwa linapanda Kalemie, Uvira, Gatumba na Bujumbura kwa pamoja. Ruzizi nayo inaleta maji na udongo kutoka Rwanda, Burundi na Kongo. Tena juu ya Uvira kuna milima iliyokatwa miti: mwezi wa nne 2020 mto Mulongwe ulishuka kwa nguvu, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi.

Kwa hiyo Uvira haiwezi kujiokoa peke yake. Kuhamisha nyumba kutoka ukingoni na kupanda miti milimani ni kazi yetu wenyewe. Lakini kusafisha Lukuga, kulinda bonde la Ruzizi na kupeana habari za kipimo cha maji mapema kunahitaji inchi zote jirani. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa ziwa mwaka wa 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganika iko Bujumbura. Chombo kipo, wakaaji wa ukingoni wanangoja kukiona kikifanya kazi.

Na hao wakaaji wasikilizwe mapema. Mwaka wa 1858 watu wa Uvira walijua maji yanaelekea wapi. Ilichukua miaka 13 kuwaamini.