Maurice Otunga: Mtoto wa Chifu Aliyeshika Jembe Kisii

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii twaitumia sana huku pwani, nayo yatufaa leo tunapomkumbuka mtu mmoja wa bara ambaye wengi wetu twamjua kwa kofia yake nyekundu tu. Huyo ni marehemu Maurice Michael Otunga, Kadinali wa kwanza wa Kenya. Kabla ya kuivaa kofia hiyo alikaa Kisii miaka tisa, naye hakuwa mzaliwa wa huko.

Vilima vya Kisii na Nyamira, nchi ya migomba na majani ya chai, huwapokea wageni wengi siku hizi. Miongoni mwao wamo vijana wa Kikristo kutoka Marekani na Ulaya, wanaokuja kwa majuma machache au miezi kadhaa kuwahudumia watoto wasio na makao. Huwalisha, huwafundisha, hucheza nao mpira, kisha hurudi kwao. Kumpa mtoto chakula na kitabu ni jambo jema, na sisi Waislamu tulioamrishwa kumtunza yatima hatuwezi kulibeza. Lakini mtoto wa mtaani alikwisha kuachwa mara moja na walio wake. Akimzoea mgeni, na mgeni akapanda ndege, huyo ameachwa mara ya pili. Basi swali kubwa ni hili: nani atabaki? Maisha ya Otunga yana jibu lake.

Alizaliwa Januari 1923 huko Chebukwa, upande wa Bungoma. Baba yake, Sudi Namachanja, alikuwa chifu mwenye sifa kubwa miongoni mwa Wabukusu, mwenye wake wengi na watoto wengi. Kijana huyu alibatizwa mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 12, akaingia katika masomo ya upadri. Mzee Sudi alitaka mwanawe huyu akalie kiti cha uchifu baada yake. Katika nyumba kama ile, kumkatalia baba jambo kama hilo halikuwa dogo. Kijana alikataa. Alisoma seminari ya Gaba nchini Uganda, akapelekwa Roma, na huko akapewa upadri tarehe 3 Oktoba 1950.

Aliporudi alifundisha seminari ya Kakamega, kisha akaja kwetu Mombasa kufanya kazi katika ofisi ya mjumbe wa Papa, ambayo wakati huo ilikuwa hapa. Basi kabla ya kuwa mkubwa wa Kanisa alikwisha kuishi katika mji wa misikiti na adhana. Februari 1957 aliwekwa kuwa askofu msaidizi wa Kisumu, na tarehe 21 Mei 1960 akateuliwa kuwa askofu wa kwanza wa jimbo jipya la Kisii. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Ili tuufahamu uzito wa kazi hiyo, haina budi turudi nyuma kidogo. Mapadri wa Mill Hill walifungua misheni ya Nyabururu, karibu na mji wa Kisii, mwaka 1911. Septemba 1914 vita vya Waingereza na Wajerumani vikafika Kisii kwenyewe. Wazungu walipoondoka kwa hofu, wenyeji waliuvamia mji na misheni, wakachukua kila walichokikuta. Baadaye serikali iliwaadhibu vikali. Wengine husema huo ulikuwa wizi mtupu. Lakini tukitazama vizuri twaona jambo jingine: watu hawakuiona nyumba ile kuwa yao. Ilikuwa nyumba ya wageni, na mgeni alikuwa ameondoka.

Otunga naye alikuwa mgeni, ingawa ni Mwafrika. Jimbo lake lilikuwa la Wagusii na la Waluo wa Nyanza Kusini, na Kibukusu chake hakikuwa lugha ya hawa wala ya wale. Uhuru ulikuwa unabisha hodi, na vijana walikuwa na kiu ya shule. Mashamba ya milimani yalizidi kuwa madogo kila baba alipowagawia wanawe, na barobaro asiye na shamba wala elimu hakuwa na njia ila kushika basi kwenda mjini. Otunga alikaa na watu hao hadi mwaka 1969. Shule ya sekondari ya wavulana iliyoko Mosocho ina jina lake hata leo. Alipoondoka, nafasi yake ilishikwa na Tiberius Mugendi, Mgusii wa kuzaliwa. Nyumba iliyoporwa mwaka 1914 ilikuwa imepata mwenyewe.

Nairobi alikuwa Askofu Mkuu kuanzia mwaka 1971, na mwaka 1973 Papa Paulo wa Sita akampa ukadinali. Mwaka huohuo, katika jiji hilo, padri Mholanzi Arnold Grol alianzisha shirika la Undugu kwa ajili ya machokoraa, wale watoto waliokuwa wakiwaonyesha wenye magari mahali pa kuegesha ili wapate senti mbili tatu. Kazi hiyo ilianzishwa na mgeni, lakini mwanzilishi hakufanya haraka ya kurudi kwao.

Hatuwezi kusema kwamba watu wote walikubaliana na Otunga. Mwaka 1996, katika bustani ya Uhuru, aliongoza uchomaji wa mipira ya kondomu na vitabu vya kuwafundisha vijana mambo ya unyumba. Imamu wa msikiti wa Jamia, Sheikh Ali Shee, alikuwa mwenzake katika kampeni hiyo. Wengi katika dini zote mbili walifurahi kuona wazee wakisimama pamoja kulinda maadili. Waganga nao walisikitika, wakihofu kwamba vijana wangeachwa bila kinga wakati ukimwi ulipokuwa ukiwamaliza. Ubishi huo haujaisha. Hata hivyo pande zote mbili zilikuwa zikigombea jambo moja, nalo ni uhai wa kijana.

Alipostaafu mwaka 1997, mtoto huyu wa chifu hakutaka jumba. Alikwenda kuishi Nyumba ya Wazee, Nairobi, pamoja na wakongwe maskini wanaotunzwa na masista. Alifariki tarehe 6 Septemba 2003.

Njia zetu za ibada ni mbalimbali, na Mola ndiye ajuaye zaidi. Lakini wako watoto wanaolala vibarazani Kisii na Nyamira, kama walivyo watoto wanaolala vibarazani Mombasa. Mgeni akija kuwasaidia, tumkaribishe kwa wema. Siku ya tatu, jembe tulishike wenyewe.