Mwana Kupona na Ule Mwaka wa Maradhi

Hapana bibi wa pwani yetu ambaye jina lake limetajwa kumshinda Mwana Kupona binti Mshamu. Limetajwa harusini, limetajwa madarasani, limetajwa na mabingwa wa vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Wanaomtaja wamegawanyika. Wako wanaomfanya kungwi wa wake wote, na kila msichana anapoolewa huambiwa ayashike aliyoyasema bibi huyu. Na wako wanaomlaumu kwamba aliwafunga wanawake wenziwe kamba ya utii. Kesi hiyo sitaiamua mimi leo. Ninalotaka kulizungumza ni jambo ambalo pande zote mbili hulirukia mbio, ingawa limo mwanzoni kabisa mwa utenzi wake: mtungaji alikuwa mgonjwa, na maradhi yake yalikuwa yametimiza mwaka mzima.

Nimewahi kumsikia mtu akiukariri utenzi huu kwa sauti nzuri sana, akaanzia kwenye wajibu wa mke, zile beti za mwanzo akaziacha kama kwamba ni ngozi ya ndizi. Mimi naona ukiziacha hizo, huwezi kuelewa kwa nini baadaye bibi huyu anazungumza juu ya asumini na pete kwa hamu ile.

Mwana Kupona alizaliwa Pate, mji uliokuwa na wafalme wake na washairi wake. Akaolewa na Bwana Mataka, sheikh wa Siu. Pate na Siu ni miji ya kisiwa kimoja, na mtu huweza kutoka mmoja akafika mwingine kwa miguu. Lakini kuolewa Siu siku zile kulikuwa ni kuolewa katika vita. Bwana Mataka hakukubali kuinama mbele ya Seyyid Said wa Unguja, akashindana naye kwa muda wa miaka kama 20. Katika miaka ya 1840 majeshi ya Seyyid yalikwenda Siu yakapigwa, na amiri wao akauawa. Binti yake Mwana Kupona, Mwana Hashima, alizaliwa mwaka 1841. Basi utoto wake ulipita katika habari za mizinga na majahazi ya vita.

Mwaka 1856 Bwana Mataka alifariki dunia. Ajabu ni kwamba mwaka huo huo Seyyid Said naye alikufa, baharini, akirudi Unguja kutoka Maskati. Mahasimu wawili wakaondoka pamoja, na katika nyumba ya Siu akabaki mjane.

Sina haja ya kuwaeleza wasomaji wa pwani mambo ya eda ya kufiwa. Miezi minne na siku kumi mwanamke hatii wanja, hatii hina, hajifukizi wala hajipaki manukato, havai dhahabu wala nguo za kujipamba. Mwana Kupona alikuwa mke wa mkubwa wa mji, katika nchi ambayo uturi na vyombo vya fedha na dhahabu ni sehemu ya heshima ya mtu. Vyote hivyo aliviweka kando, kama sharia inavyotaka. Kisha eda ikaisha. Na kabla hajakaa sana baada ya kutoka katika kizuka, maradhi yakamshika.

Maradhi gani? Katika utenzi hakuyapa jina. Anasema tu kwamba yamemshika hata mwaka ukatimia, na kwamba kwa muda wote huo hakupata kumwambia mwanawe neno jema. Mwenye kuuguza anaelewa maana yake. Mtu akiugua siku tatu, nyumba nzima humzungukia na kumsikiliza. Akiugua mwaka, mazungumzo hugeuka yakawa ni ya dawa tu: umekula, hukula, umelala, hukulala. Lile neno ambalo mama angetaka kumwambia binti yake hukosa pa kupita. Na huyu alikuwa na binti wa miaka 17, aliyekwisha kufiwa na baba, naye anatazama jinsi mama anavyokwisha.

Basi siku moja katika mwaka 1275 wa Hijra, ambao uliingia mwezi wa Agosti 1858, mgonjwa akamwita binti yake asogee karibu, na alichotaka aletewe ni wino na karatasi. Hakutaka maji wala dawa. Hapa ndipo mimi husimama kila ninapousoma utenzi huu. Katika chumba cha mgonjwa wa mwaka mzima wino haukuwa mbali! Lakini ukiijua Siu ya zamani hutastaajabu sana. Siu ulikuwa mji wa wanazuoni na mafundi. Ngozi ilishonwa huko, vitabu vikajalidiwa huko, na misahafu ya Siu, iliyopambwa kwa wino mweusi na mwekundu na wa manjano, mpaka leo inatunzwa kama tunu. Mtu aliyeishi katika mji ule aliona kalamu ikipita juu ya karatasi kila siku ya Mungu. Kiswahili chetu kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, na tenzi zilisomwa kwa sauti majumbani, wanawake wakisikiliza na wengine wakisoma wenyewe.

Baada ya wino na karatasi anamwambia mwanawe kwamba atampa hirizi. Halafu atamtungia kidani cha lulu na marijani. Halafu atampa kifungo kizuri cha kuvaa shingoni. Msomaji wa haraka huona hizi ni pambo la ushairi tu, na kweli ni pambo. Hirizi yenyewe ni maneno, na kidani ni maneno. Lakini tufikirini kidogo. Kisiwa cha Pate siku zile hakikuwa na hospitali. Mgonjwa alitibiwa kwa miti na mizizi, kwa kombe lililoandikwa kwa zafarani likaoshwa akanywa, na kwa hirizi iliyofungwa mwilini. Nadhani mgonjwa wa mwaka mmoja alikuwa amefungwa hirizi nyingi sana na watu wanaomtakia heri. Sasa yeye anaigeuza kazi: yule anayefungwa hirizi anakuwa ndiye mwenye kufunga. Na vile vidani ambavyo pengine shingo yake haikuwa na nguvu tena ya kuvichukua, anavitunga upya kwa mizani nane nane na kumvika mwanawe.

Sitayapitia mafunzo yote, maana yanajulikana. Yako ya dini kwanza, yako ya adabu na ulimi wa kweli, yako ya radhi za Mwenyezi Mungu na Mtume wake, za baba na mama na mume. Yamo maneno juu ya watumwa ambayo leo yanatuchoma masikioni, nayo ni ya zama zile, hayatetewi. Na yako hayo ya mume ambayo yameleta ugomvi wote. Mimi nataka twende moja kwa moja kwenye zile beti za kujipamba.

Hapo ndipo utenzi unaponukia. Anamtaka binti yake aoge na kujisinga, asuke nywele, atunge asumini na kuzimwaga kitandani. Ajipambe kama bibi arusi. Miguuni atie furungu, mikononi makoa. Kidani na kifungo visitoke shingoni, mwili usiache harufu ya mawaridi na dalia. Pete zisivuliwe vidoleni, hina isikatike kuchani, wanja usikose machoni na kwenye nyusi. Kila kitu kina mahali pake, kuanzia unyayo mpaka utosi, kama anayepanga vyombo katika zidaka za ukuta.

Watu wengi husoma hapo wakaona mume tu: jipambe ili bwana apendezwe. Naam, limo hilo, na bibi hakulificha. Hata usafi wa mume mwenyewe ameuwekea zamu: kunyolewa, kutengenezwa ndevu, kufukizwa udi asubuhi na jioni. Lakini mimi naangalia aliyekuwa akiyasema. Ni mtu ambaye miaka miwili nyuma alivua pete kwa ajili ya eda, na sasa amelala mwaka mzima. Mgonjwa huyu anajua hasa hina ikikatika kucha zinakuwaje. Anajua mwili ulioacha kunukia mawaridi ukaanza kunuka dawa. Kila agizo pale limekaa kwa namna ya kukataza kukoma: isitoke, isiache, isikatike. Hayo si maneno ya mtu anayemfundisha mwari namna ya kuanza. Ni maneno ya mtu aliyeona vitu hivyo vinavyoondoka kimoja kimoja.

Kuna wanaoona haya mambo ya wanja na asumini ni madogo mno kwa mtu aliye katika hali ile, na kwamba ingempasa mgonjwa aseme juu ya kifo na kaburi. Mimi siafiki. Waliouguza mama zao pwani hii wanajua kwamba bibi mgonjwa akiomba kioo na kitana, nyumba nzima hufurahi. Siku anapokataa kuchanwa nywele ndipo watu huanza kutazamana. Mwana Kupona hakuwa na nguvu, bali alikuwa na kalamu, na kwa kalamu hiyo akaoga, akajisinga, akajipaka wanja, kwa mwili wa binti yake.

Wala kifo hakukisahau. Anasimulia jinsi alivyokaa na Bwana Mataka kwa wema bila ya kukosana, na jinsi yule bwana alivyoondoka akiwa radhi naye. Kisha utenzi unageuka kuwa dua. Anawaombea wanawe, anawaombea ndugu na jamaa, anawaombea Waislamu wote, na nafsi yake yenye maradhi anaiombea afya kwa Mola wake. Hapo jina lake linanigusa. Wazazi wa Pate walimwita Kupona, na mwenye jina hilo anaomba apone. Yeye mwenyewe hakulichezea neno hilo, ingawa washairi wetu hupenda sana mchezo wa namna hiyo. Labda kwa mgonjwa haukuwa mchezo.

Jambo jingine ambalo wengi hulipita: mwisho wa utenzi hamwambii binti yake peke yake tena. Anawageukia wanawake wote na kuwaamrisha wasome, waelewe maana. Anasema wasome! Basi bibi huyu, katika mwaka 1858, alikuwa anajua kwamba wako wanawake watakaoipokea karatasi yake na kuisoma. Wale wanaosema kwamba mwanamke wa pwani alikuwa hajui herufi mpaka zilipokuja skuli za serikali, waulizwe Mwana Kupona alikuwa anamwandikia nani. Na wale wanaosema alitaka wanawake wawe wajinga wa kutii tu, waulizwe vilevile. Mwaka 1991 mtaalamu mmoja, Ann Biersteker, aliandika makala marefu kutaka utenzi huu usomwe upya, kwamba nyuma ya utii ule pana mamlaka ya mwanamke na pengine kejeli. Kejeli mimi siioni sana. Mamlaka naiona, na zaidi katika lile agizo la kusoma.

Wanawake wakausoma kweli. Ulitoka mkono kwa mkono, ukahifadhiwa vifuani, ukanakiliwa. Bibi Alice Werner, Mwingereza aliyezuru Afrika Mashariki kabla ya vita vya 1914, aliuchapisha Marekani mwaka 1917. Mwaka 1934 yeye na William Hichens wakautoa kuwa kitabu huko Uingereza, wakauita mashauri juu ya wajibu wa mke, na nadhani jina hilo limeuharibia bahati yake mpaka leo, kwa sababu maradhi na wino havimo katika jina hilo. J.W.T. Allen aliutia pamoja na tenzi nyingine tano katika kitabu chake cha 1971. Kila mara beti zimekaribia mia moja au kupita kidogo, kwa kuwa nakala hutofautiana.

Mwana Kupona mwenyewe hakuishi miaka mingi baada ya kuutunga, Mwenyezi Mungu amrehemu. Lakini yule binti aliyeitwa asogee karibu na wino wake aliishi sana. Mwana Hashima aliona Siu ikishindwa na Unguja, akaona watawala wa Kizungu wakiingia, akaona utenzi wa mama yake ukipigwa chapa ng'ambo ya bahari. Alifariki mwaka 1933, amekaribia umri wa miaka 92, mwaka mmoja kabla kile kitabu cha Uingereza hakijatoka. Kidani alichotungiwa alikuwa amekaa nacho miaka 75.