Gary Kildall na maagizo yasiyo na mwenyewe

Msikilizaji wetu, kwenye habari za kompyuta jina la Bill Gates umelisikia sana. Leo tunamsimulia Gary Kildall, aliyezaliwa Seattle, Marekani, mwaka 1942.

Kildall alikuwa mwalimu katika chuo cha jeshi la wanamaji kule Monterey, California. Mwaka 1974 aliandika CP/M, mfumo endeshi, yaani programu inayoiongoza kompyuta yenyewe. Yeye na mkewe Dorothy wakafungua kampuni, na CP/M ikaenea kwenye kompyuta ndogo za makampuni mengi.

Ndani yake kulikuwa na orodha ya maagizo yenye namba: hili la kufungua faili, lile la kusoma, jingine la kuandika. Programu nyingine zote ziliomba huduma kwa maagizo hayo. Fikiria tundu la jembe. Mhunzi wa pili akijua kipimo chake, atafua jembe lake mwenyewe na litaingia kwenye mipini mliyo nayo tayari. Je, amemwibia mhunzi wa kwanza?

Mwaka 1980 Tim Paterson wa Seattle alifuata kitabu cha maelezo cha CP/M, akaandika mfumo wake unaojibu maagizo kama yale. Alikana kunakili programu yenyewe. Microsoft ikaununua, na IBM ikautumia kwenye kompyuta yake ya Agosti 1981.

Kildall aliona ameibiwa. Lakini sheria ya hakimiliki ya Marekani ilikuwa imetaja programu za kompyuta waziwazi Desemba 1980 tu, na haikusema maagizo ni ya nani. Hakwenda mahakamani, IBM ilikubali kuuza na CP/M pia. Ila bei sasa! CP/M dola 240, ule wa Microsoft dola 40. Wewe ungenunua upi?

Kwa maoni yetu, Kildall alinyimwa heshima zaidi ya mali. Mwaka 1988 kampuni yake nayo ilitoa DR DOS, mfumo uliojibu maagizo ya Microsoft. Tundu lingekuwa na mwenyewe, hata yeye asingeweza.

Alifariki Monterey mwaka 1994, akiwa na miaka 52. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Google haikukosea kutumia maagizo ya lugha ya Java, mali ya Oracle, kwenye simu za Android. Kama maagizo yenyewe yana hakimiliki au la, majaji hawakulijibu.