Adolphe Kégresse: Fundi wa gereji ya Mfalme wa Urusi aliyebuni klachi mbili

Na Mwandishi Wetu, Singida

DEREVA aliyewahi kuupandisha Mlima Sekenke wilayani Iramba akitokea Shelui, huku mbele yake likijikongoja lori lililosheheni mzigo, anaifahamu harufu ya klachi inayoungua. Ni harufu kali, kama ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi, na ikishaingia ndani ya gari haihitaji fundi wa kuitafsiri. Sahani iliyopaswa kuupokea mzunguko wa injini na kuupeleka kwenye giaboksi imeanza kuteleza, na kila mita inayopandwa inalipiwa kwa unene wa bitana yake.

Harufu hiyo haitoki kwenye malori pekee. Mapenzi ya magari madogo yenye injini za turbo, Subaru Impreza na wenzake, yameenea mijini, na wako wamiliki wasioridhika na nguvu iliyotoka kiwandani. Injini huongezwa presha, klachi ikaachwa ile ile. Ikishaungua, mwenye gari hukimbilia ile ya mashindano, akidhani kwamba kilicho bora uwanjani ni bora pia katika foleni ya asubuhi.

Mvutano huo kati ya nguvu na utulivu si wa jana. Ulimshughulisha Mfaransa mmoja ambaye magari yenye jina lake yaliingia Dar es Salaam mwaka 1925, wakati nchi yetu ikiitwa Tanganyika chini ya Waingereza. Jina lake ni Adolphe Kégresse.

Kégresse alizaliwa mwaka 1879 katika mji mdogo wa Héricourt, mashariki mwa Ufaransa, eneo la viwanda vya nguo na vya chuma. Alijifunza ufundi wa mitambo, na mwanzoni mwa karne ya 20 akafanya kama walivyofanya mafundi wengi wa Ulaya Magharibi wa kizazi chake: akaenda kutafuta riziki Urusi, nchi kubwa yenye fedha nyingi mikononi mwa wachache, na yenye mafundi wachache wa chombo hiki kipya kilichoitwa motokaa.

Haukupita muda mrefu akajikuta katika gereji ya Mfalme Nicholas II, huko Tsarskoye Selo nje ya St. Petersburg, ambako alikabidhiwa upande wa ufundi. Mfalme alipenda magari na alikuwa nayo mengi ya fahari. Tatizo lilikuwa theluji. Kwa miezi kadhaa kila mwaka magari hayo ya thamani yalikuwa mapambo tu, kwani magurudumu yake membamba yalizama na kuzunguka bure huku injini ikinguruma.

Hapa ndipo Kégresse alipoonyesha akili yake. Mwingine angeomba injini kubwa zaidi. Yeye alitambua kwamba nguvu ilikuwepo ya kutosha, ila haikuwa na mahali pa kushika. Akaondoa magurudumu ya nyuma, akaweka mahali pake mikanda mipana ya mpira inayozungushwa juu ya magurudumu madogo, na mbele akafunga vipande vya kuteleza juu ya theluji. Uzito wa gari ukatawanyika juu ya eneo kubwa, na gari likapita. Mikanda hiyo ya mpira ilikuwa laini na myepesi kuliko minyororo ya chuma iliyotumika katika trekta za siku zile, hivyo haikuitikisa mitambo kwa kishindo.

Msomaji wa Singida hahitaji kufika Urusi ili aelewe jambo hilo. Gari likinasa mchangani, dereva mwenye papara hukanyaga mafuta na kuiachia klachi nusu nusu. Gurudumu likizunguka, linachimba. Likigoma kuzunguka, sahani ya klachi ndiyo inayosagika. Nguvu isiyo na pa kwenda hugeuka kuwa joto, na joto hilo huishia kwenye kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote.

Mapinduzi ya mwaka 1917 yalimwondoa mfalme na kumwacha fundi wake bila tajiri. Kégresse alitoroka kupitia Finland na kurejea Ufaransa. Alichokiacha nyuma hakikutupwa. Wabolsheviki waliomng'oa mfalme waliifunga mikanda ya Kégresse katika magari ya deraya, na Lenin mwenyewe alitumia gari la Rolls-Royce lililowekewa mfumo huo kwa ajili ya majira ya baridi. Gari hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya Gorki, karibu na Moscow. Ni ajabu ya historia kwamba kifaa kilichobuniwa kwa starehe ya mfalme kilikuja kumbeba aliyechukua nafasi yake.

Nchini Ufaransa, mwenye viwanda Jacques Hinstin alimkutanisha Kégresse na André Citroën, ambaye alikuwa ameanza kutengeneza magari mwaka 1919 na ambaye, zaidi ya ufundi, alijua kujitangaza. Citroën aliiona mikanda ile, akawaza jangwa la Sahara. Tarehe 17 Desemba 1922 magari matano ya Citroën yenye mfumo wa Kégresse yaliondoka Touggourt nchini Algeria, chini ya uongozi wa Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Tarehe 7 Januari 1923 yaliingia Timbuktu. Injini zake zilikuwa na takriban nguvu farasi 20 tu.

Safari iliyofuata ndiyo inayotuhusu. Oktoba 28, 1924, magari manane yaliondoka Colomb-Béchar, Algeria, kuelekea kusini katika msafara ambao Wafaransa waliuita Safari Nyeusi. Yalipita Niger, Chad na Kongo ya Wabelgiji hadi Kampala. Huko msafara uligawanyika makundi manne: moja likaelekea Mombasa, jingine Dar es Salaam, la tatu Cape Town, na la nne, chini ya Haardt mwenyewe, likashuka kuelekea pwani ya Msumbiji. Mwisho uliokusudiwa ulikuwa Antananarivo, Madagaska, ambako Haardt alifika Juni 1925.

Haikuwa mara ya kwanza kwa motokaa kuonekana katika ardhi hii. Ofisa wa Kijerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam Agosti 1907 na kufika Swakopmund, katika Namibia ya leo, Mei 1909, baada ya karibu miaka miwili ya kuvunjikiwa, kusubiri vipuri kutoka Ulaya na kuvutwa. Tofauti ni kwamba Graetz alitumia gari kubwa lenye nguvu, na ardhi ikalishinda mara nyingi. Magari ya Kégresse yalikuwa dhaifu kwa nguvu lakini yalijua kukanyaga.

Hata hivyo, sifa zote zisiende kwa mpira na chuma. Vituo vya mafuta na vyakula viliandaliwa kabla ya msafara, na katika misitu ya Kongo njia zilifyekwa na Waafrika wengi ambao picha za msafara huo ziliwaonyesha kama mandhari tu. Filamu ilipoonyeshwa Paris mwaka 1926, aliyesifiwa alikuwa Citroën. Waliobeba majembe na mapipa hawakutajwa kwa majina.

Mafanikio hayo hayakudumu. Citroën alitumia fedha kwa kasi kuliko alivyozipata. Aliposhughulikia gari lake jipya la mwaka 1934, lililovutwa na magurudumu ya mbele, alitaka liwe na giaboksi isiyohitaji klachi ya mguu, iliyobuniwa na Dimitri Sensaud de Lavaud. Katika majaribio giaboksi hiyo ilipata joto kupita kiasi na ikashindwa, na dakika za mwisho ikabidi ifungwe ya kawaida ya gia tatu. Desemba mwaka huo kampuni ilifilisika na kuchukuliwa na Michelin, na Julai 1935 Citroën akafariki dunia.

Kégresse, akiwa sasa nje ya kivuli cha tajiri yule, akaligeukia tatizo ambalo lilikuwa limemshinda Sensaud de Lavaud. Kwa maoni ya mwandishi, kazi hii ndiyo iliyo kubwa kuliko zote alizofanya, ingawa ndiyo iliyosahauliwa zaidi.

Klachi ya kawaida inatakiwa kutimiza mambo mawili yanayopingana. Inatakiwa iteleze kwa upole gari linapoondoka, na inatakiwa isiteleze hata kidogo gari linapokuwa mwendoni. Nguvu inayoweza kuibeba inategemea ukali wa bitana, uzito wa springi zinazoibana, upana wa sahani na idadi ya nyuso zinazoshikana. Ukiongeza springi, pedeli inakuwa nzito mguuni. Ukiongeza ukali wa bitana, gari linaruka kama chura kila linapoanza kuondoka. Hakuna njia ya kukwepa bei hiyo.

Kégresse hakujaribu kuikwepa, aliigawa kazi. Katika mfumo wake wa mwaka 1939 kulikuwa na klachi mbili, moja ikihudumia gia za witiri na nyingine gia za shufwa. Gari likiwa katika gia ya kwanza, ya pili huwa tayari imeshaingizwa, ikisubiri. Klachi moja inapoachia, nyingine inashika, na nguvu ya injini haikatiki. Mfumo ulijaribiwa katika gari la Citroën, lakini vita vikaanza na ukabaki katika michoro na majaribio.

Hapa mwenye gari la turbo anayefikiria kubadili klachi ana la kujifunza. Kwanza, klachi haichaguliwi kwa kutazama nguvu farasi, bali nguvu ya mzunguko, ambayo mafundi huiita toki. Impreza ya daraja la STI hutoka kiwandani na toki ya takriban nyutoni mita 400. Ikiongezwa hadi 500, klachi inayofaa ni ile inayohimili kiasi hicho na ziada ya asilimia 20 au 30, si ile inayohimili mara mbili. Ziada kubwa kuliko hiyo humchosha dereva na kuhamishia kishindo kwenye giaboksi na ekseli, ambazo bei yake ni kubwa kuliko ya klachi.

Pili, sahani za vipande vya chuma na seramiki, zenye sura ya petali za ua, zilibuniwa kwa ajili ya mashindano. Hustahimili joto lakini hazijui upole, na katika foleni au katika kurudi nyuma kwenye mwinuko humtesa dereva. Kwa gari la kwenda kazini kila siku, sahani kamili yenye bitana ya kawaida iliyoboreshwa, pamoja na presha pleti yenye nguvu zaidi, hutosha kwa wengi. Toki ikizidi hapo, sahani mbili ndogo zilizopangwa pamoja huongeza nyuso za kushikana bila kuifanya pedeli kuwa nzito mno. Ni gharama, lakini ni akili ile ile ya kugawa kazi.

Flaiwili nayo isawazishwe au ibadilishwe, beringi ya klachi iwe mpya, na kilomita 800 za kwanza ziwe za mwendo wa mjini bila kuondoka kwa fujo. Wengi huunguza klachi mpya katika juma la kwanza kwa kutaka kuijaribu, na Sekenke si mahali pa kufanyia jaribio hilo.

Turejee kwa Kégresse. Mwaka 1940 Ujerumani iliivamia Ufaransa. Wajerumani walipata mfano wa gari dogo la minyororo alilokuwa amelibuni, lililoendeshwa kwa mbali na kukusudiwa kubeba baruti, na kutokana nalo wakatengeneza silaha yao iliyoitwa Goliath. Wakati huo huo jeshi la Marekani, ambalo lilikuwa limenunua magari ya Citroën-Kégresse mwaka 1931 ili kuyachunguza, lilikuwa likitengeneza maelfu kwa maelfu ya magari ya nusu minyororo yaliyotokana na mfumo wake. Hivyo pande mbili zilipigana zikitumia mawazo ya mtu mmoja, naye akiwa katika nchi iliyokaliwa na adui. Alifariki dunia mwaka 1943, huko Croissy-sur-Seine karibu na Paris, kabla ya kuona mwisho wake.

Klachi mbili zililala kwa miongo minne. Miaka ya 1980 Porsche iliziamsha katika magari yake ya mashindano, na Audi ikazijaribu katika mbio za magari. Mwaka 2003 Volkswagen ilizifunga katika Golf R32, gari la kwanza la mfumo huo kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa watu wa kawaida. Toleo hilo la gia sita, ambalo klachi zake huoga katika mafuta, lilipangiwa toki ya nyutoni mita 350. Toleo la gia saba lililofuata mwaka 2008, lenye klachi kavu, liliishia 250, na ndilo lisilopenda kutambaa polepole nyuma ya lori mlimani.

Magari ya aina hiyo sasa huingia Afrika Mashariki yakiwa yametumika, Honda Fit na Vezel za haiburidi za muongo uliopita zikiwamo. Mnunuzi huiona gia yenye alama ya D akadhani ni otomatiki ya kawaida, akaishikilia gari mwinukoni kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo badala ya breki. Ndani, bila yeye kujua, klachi inateleza.